Dizeli ya Bi Jawaher

Nilikwenda Konde kutafuta gari ya kulala. Usinicheke. Si ya kulala mimi, ingawa Mungu anajua nilivyokuwa na usingizi. Mama yangu, Bi Mwatum, alipatwa na kiharusi, upande mzima ukafa, ulimi ukafungika. Kila alipotakiwa mazoezini hospitali ya Chake, tulimlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu ya kukodi, na njia ya kutoka kwetu Wambaa haimhurumii mgonjwa. Mgongo ukaanza vidonda. Mimi ndiye niliyemwosha, niliyemlisha, niliyemgeuza. Mke nilikuwa naye, akashindwa, akenda kwao. Nilichoka mpaka nikawa nasinzia nimesimama.

Basi karafuu zilipouzwa nikasikia kwamba Bi Jawaher wa Konde anauza magari mawili ya marehemu mumewe, Mzee Turki, aliyekuwa akiwapeleka watalii kulala karibu na msitu wa Ngezi. Meupe yote mawili, nyuma kitanda, pazia na jiko dogo. Tofauti ilikuwa mashine tu: moja petroli, moja dizeli. Nikamchukua rafiki yangu Jaribu, fundi wa magari, tukafika jua linakuchwa.

"Masalkheri, Bi Jawaher."

"Akheri, wanangu. Karibuni."

Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya magari yake, macho mekundu, shingo haikai sawa. Niliitambua hali yake mara moja. Alikuwa hajalala muda mrefu, kama mimi.

Jaribu alianza na petroli. Ikakohoa, ikazimika, ikakohoa tena, ikatoa moshi wa buluu.

"Hino yala oili," alisema. "Ringi zishakwisha. Lakini yatengenezeka. Nipe wiki kadhaa, n'taifumua yote."

Wiki kadhaa! Nilitaka kulia pale pale.

Dizeli hatukuiwasha. Ilikuwa inanguruma tangu tulipofika, mlio wa chinichini, nami nilidhani ni jenereta ya jirani. Nikaegemea bodi yake. Mtetemo ukanipanda mgongoni, macho yakaanza kufumba. Nikajihesabia sababu: dizeli hula kidogo, ina nguvu vilimani, haina mambo ya plagi. Kusema kweli nilikuwa nimeshaamua. Iliyokuwa inakwenda ndiyo niliyoitaka.

Jaribu akainua kiti cha dereva, maana mashine iko chini yake. 

"Hafidh," akanong'ona. "Njoo utazame."

Pahala pa betri palikuwa patupu. Waya zilining'inia, zimeota kutu, buibui ametanda juu yake.

"Si dizeli ya zamani hii?" nilimwambia. "Yaweza kwenda bila betri."

"Ikishawaka, ndiyo. Lakini hino imewaka lini?" Akamgeukia Bi Jawaher. "Bi mkubwa, mashine hino imewashwa lini?"

"Mzee alipougua."

"Mafuta mwatia wapi?"

Bi Jawaher alitazama chini. "Mafuta haijaomba."

Ndipo harufu ikanipata. Haikuwa ya dizeli. Ilikuwa ya udi... na chini ya udi, harufu ya mtu aliyelala kitandani siku nyingi. Hiyo naijua. Hata nikikoga mara ngapi, haitoki kwenye nguo zangu.

"Chukua petroli," Jaribu alininong'oneza, mkono wake umeng'ang'ania kiwiko changu. "Hino ina mwenyewe."

Kwetu kitu kikisemwa kina mwenyewe hakuna anayeuliza maana yake. Nilielewa: mwenyewe huyo si mtu. Lakini niliwaza zile wiki, nikawaza kumbeba mama tena kumpandisha pikapu, analia bila sauti.

"Nachukua dizeli," nikasema.

Bi Jawaher alisimama. Msikitini walikuwa wanaadhini Magharibi.

"Gari nakuuzia," alisema taratibu. "Ya petroli nayo, siku ukiitaka mashine yake, njoo uichukue bure. Lakini hino mashine ya dizeli sikuuzii. Nakukabidhi. Sema umepokea."

Jaribu akanikanyaga mguu. Mtoto yeyote wa Pemba anajua kwamba ukikabidhiwa kitu kisichouzwa huuliza kwanza: ni nini, chataka nini, kimetoka kwa nani. Ndipo ufungue mdomo. Mama mwenyewe alinifunza hayo ningali mdogo. Lakini nilitaka kwenda nyumbani.

"Nimepokea."

Bi Jawaher akashusha pumzi ndefu, akaketi, kichwa kikaanguka kifuani. Nilidhani amekufa. Alikuwa anakoroma.

Jaribu alikataa kupanda. Nikaendesha peke yangu, giza likaingia njiani. Gari ilikwenda vizuri ajabu, vilimani haikulegea hata kidogo. Nilipopita Chake nikasikia kitanda nyuma ya pazia.

Kwiii...

Mtu amejigeuza.

Sikutazama nyuma. Nilisoma nilichokikumbuka, nikachanganya aya, nikaanza upya.

Nilikuwa nimemwacha mama na jirani yetu, Rahma. Nilipofika Wambaa nikamkuta Rahma yuko nje, anakimbia kunipokea, kanga imemvuka kichwani.

"Hafidh! Mamako kasimama! Kasimama mwenyewe!"

Na kweli. Mama alikuwa mlangoni, kwa miguu yake miwili, taa nyuma yake.

"Karibu, mwanangu," alisema. Ulimi umefunguka kabisa. "Umechoka, maskini."

Nililia kama mtoto. Sitaficha, nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikamwangukia miguuni, akanishika kichwa, akaniongoza mpaka kitandani, akanifunika shuka. Nikalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Tangu hapo ananipikia. Anafagia, anachekesha majirani, anatia udi nyumbani. Mashine iko uani inanguruma, mafuta sijatia. Siku moja tukila nikamwambia, "Baba angekuwa hai, angefurahi kukuona hivi."

"Baba yupi?"

Nikacheka. "Mama! Mmanga, mumeo."

Akanitazama kwa upole mwingi. Hakulijua jina lile. Nilimwona akilitafuta, halafu akaacha kulitafuta.

"Kula, mwanangu," akasema. "Wali unapoa."

Na hapo, kutoka uani, ndani ya gari, nikasikia mguno.

Mguno mfupi, wa puani. Mtu aliyemuuguza mzazi huutambua mguno wake hata sokoni. Ule ni wa mama anapotaka kugeuzwa.

Nikatoka. Nikafungua pazia. Kitandani hapakuwa na mtu... lakini godoro lilikuwa limebonyea, na shuka lina joto. Nikapapasa. Mkono wangu ukakuta bega. Bega jembamba, upande wa kushoto, uliokufa. Silioni, nalishika.

Nikamgeuza. Akashusha pumzi.

Jaribu alikuja baadaye, akasimama barabarani, hakutaka kuingia uani. Alikuwa ameuliza Konde. Wanasema Mzee Turki aliugua sana, hakuweza kuinuka. Lakini wakati huohuo watu walikuwa wakimwona sokoni, mzima, anachagua samaki, na Bi Jawaher hataki kulizungumza.

"Ile mashine ya petroli nimeichukua kwa Bi Jawaher, nishaitengeneza, ipo tayari," alisema. "Natoa dizeli, natia petroli. Siku moja tu. Lakini lazima niizime kwanza."

Jikoni mama alikuwa anakuna nazi. Mbuzi ya nazi ikanyamaza.

Ndani ya gari mguno nao ukanyamaza.

Nikasubiri mmoja wao aseme kitu.  Mashine tu ilikuwa inanguruma. Jaribu alikuwa ameshika spana, anatazama uso wangu, na mimi nilikuwa natazama mlango wa jikoni, halafu pazia, halafu mlango wa jikoni.

"Nenda, Jaribu," nikamwambia. "N'takwita."

Sijamwita. Kila siku nalishwa na mmoja, kisha natoka uani kumgeuza mwengine ambaye simwoni, na vidonda vya mgongo wake vinazidi, navisikia kwa vidole. Nimechoka kuliko mwanzo. Ufunguo ninao mfukoni. Sithubutu kuizima mashine, kwa sababu sijui ni yupi kati yao atakayekwenda nayo.