Profesa na Neno la Wakili

Kila nikitoka shule nilipitia chumba cha ushonaji cha shangazi yangu, nikaokota pini sakafuni kwa sumaku, kisha nikamsomea barua zake. Yeye hakujua Kiingereza. Kwa kuwa mimi nilikisoma shuleni, wateja wake waliniita Profesa. Sitaficha, jina lile lilinivimbisha kichwa.

Siku moja ikaja barua ya wakili. Nyumba aliyopanga chumba hicho ilikuwa imeuzwa, na shangazi alitakiwa ku-attorn kwa mwenye nyumba mpya kabla ya mwisho wa mwezi. Neno hilo sikuwahi kuliona. Lakini Profesa angesemaje kwamba hajui?

"Wanasema uhame," nikamwambia.

Shangazi aliikunja barua, akaiweka chini ya mkasi. Miaka kumi na tisa alikuwa ameshonea mle ndani. Kesho yake nilimkuta amefungua mkanda wa cherehani, anamrudishia mteja kitambaa ambacho hakijakatwa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Mteja alipotoka, roho ilinisuta.

"Shangazi, nimekudanganya. Lile neno silijui."

Alinitazama, pini zikiwa bado mdomoni. Nilingoja kofi. Akazitema kiganjani, akanishika mkono.

"Twende kwa anayelijua."

Karani wa wakili, mama mwenye miwani minene aliyekuwa mteja wa shangazi, hakunicheka.

"Hata mimi mara ya kwanza nilifungua kamusi," alisema. "Ni neno la sheria, na linamhusu mpangaji. Nyumba ikiuzwa, mpangaji anakubali kwamba huyu mpya ndiye mwenye nyumba wake sasa. Hiyo ndiyo ku-attorn. Anatia sahihi, anabaki palepale."

"Kwa hiyo sihami?" shangazi aliuliza.

"Uhame uende wapi, dada? Na gauni langu nani atalimaliza?"

Shangazi alicheka huku akifuta machozi, akatia sahihi. Nilimshukuru yule mama mpaka akaniambia inatosha.

Tuliporudi, nilimshikia taa arudishe mkanda wa cherehani.

"Ahsante, Profesa," alisema.

"Ahsante ya nini, shangazi? Nusura nikuhamishe!"

"Ya kuniambia kweli mapema. Ungeendelea kulinda sifa yako, leo ningekuwa nje na cherehani yangu. Kutojua hakukupunguzii kitu, mwanangu. Siku nyingine ukikwama, sema umekwama, tutafute pamoja. Haya, okota pini."

Nikainama na sumaku yangu. Sijawahi kuokota pini kwa furaha kiasi kile.