Swali la Kumi na Nne

Alhamisi ya wanawake, siku kanivali inapofunguliwa na wanawake wana ruhusa ya kukata tai za wanaume, mwanamume mwenye akili zake haingii kituo kikuu cha treni cha Köln na tai shingoni. Tjark Harmsen aliingia nayo. Tai ya hariri, kijani kibichi, zawadi ya mama yake, na begi la ofisi mkononi. Ilikuwa saa tano na dakika kumi na moja asubuhi, dakika ileile mji mzima ulipovua akili na kuvaa manyoya. Alikuwa anatoka kwenye mkutano Brussels, na kwao ni Emden, pwani ya kaskazini, huko ambako mtu akifurahi sana hutikisa kichwa mara moja.

Svenja Odenthal alimwona tangu kwenye ngazi. Siku hiyo alikuwa amevaa kama rubani wa zamani: koti la ngozi la babu yake lililomfika magotini, skafu nyeupe, kofia ya masikio, miwani mikubwa ya upepo, na midomo imepakwa rangi nyekundu isiyo na aibu. Mkononi alishika mkasi.

"Samahani, kaka," alisema, na kabla kaka hajageuka, krap! Nusu ya tai ilikuwa mkononi mwake.

"Dada! Hiyo tai ni ya..."

"Ilikuwa. Sasa ni yangu." Akambusu shavuni, busu la sauti, kama desturi inavyotaka. "Haya, tumelipana."

Tjark alikitazama kipande kilichobaki kifuani. Kisha akamtazama yeye. "Miwani yako umeivaa juu chini."

"Nini?"

"Rubani akivaa hivyo, upepo wote unamwingia machoni. Kifungo kinakaa kushoto."

Svenja alicheka mpaka akashika nguzo. "Mtu anakatwa tai, anatoa somo! Wewe wa wapi?"

"Emden."

"Nilijua. Kule mnazaliwa bila kicheko, mnakuja kukinunua huku."

Akamvuta mkono mpaka baa moja nyuma ya kituo, watu wamebanana bega kwa bega, bia zinakuja katika vigilasi vyembamba. Tjark, miaka miwili ndani ya Köln, hakuwa ameambiwa na mtu kwamba usipofunika gilasi yako, mhudumu anakuletea nyingine bila kuuliza. Kwa adabu za kwao, kila alicholetewa alikinywa. Alipofika cha tisa, Svenja alimhurumia, akaweka kijikadi cha mezani juu ya gilasi.

"Kazi yako nini, kaka wa Emden?"

"Mamlaka ya Usalama wa Anga. Idara ya helikopta."

"Mungu wangu, nimemkata tai mkaguzi! Mimi natengeneza msaidizi wa marubani. Akili mnemba. Tunamwita Pitter."

Pitter alikuwa programu tu, na kamera puani mwa ndege. Ndege inaposhuka kutua, yeye anaitazama njia iliyo mbele, anamwambia rubani moja kati ya mambo matatu: njia iko wazi, njia haiko wazi, sijui. Hilo la tatu ndilo lililomla Svenja miaka sita. Kuifundisha mashine iseme njia iko wazi si kazi kubwa. Kuifundisha ikubali kwamba haijui, halafu kuwathibitishia watu wa Mamlaka kwa karatasi kwamba itakubali hivyo kila inapopaswa, hapo ndipo mtu anapoota mvi. Bila karatasi hizo hakuna cheti, na bila cheti Pitter angebaki mchezo wa maabara.

Basi wakaanza kupigiana simu.

"Umelala vizuri, mpenzi?"

"Nimelala."

"Ulinikumbuka?"

"Kidogo. Kama saa kumi na moja alfajiri hivi."

"Kidogo! Asante sana, bwana."

"Tangu saa kumi na moja hadi sasa," Tjark alisema, na Svenja akaibana simu sikioni. Lakini neno lenyewe, lile ambalo wapenzi wengine hulitoa wiki ya kwanza, Tjark hakulitoa.

Jumapili moja ya Machi walitembea kando ya mto, kule Rodenkirchen. Mvua ilikuwa imetoka kupita, jua limeshuka, njia yote inang'aa kama sahani. Svenja alisimama ghafla.

"Unaona mng'ao huu? Huu ndio unaomshinda Pitter. Jua likiwa chini na lami imelowa, anapaswa kusema sijui. Anasema njia iko wazi."

"Anadanganya?"

"Afadhali angedanganya. Anaamini."

"Mara ngapi?"

"Mbili, katika majaribio elfu tisa. Tunajua tangu Novemba. Holger anasema tutalirekebisha toleo lijalo." Holger alikuwa bosi wake. "Kwenye jalada la cheti halimo."

Tjark alimgeukia. "Svenja, hilo liandikwe."

"Usiniambie kama ofisa. Niambie kama mtu."

"Kama mtu pia nasema liandikwe."

"Wewe bwana hujui kubembeleza hata kidogo," alisema, akamshika kiuno, wakaenda. Neno lile, liandikwe, lilimkaa Svenja moyoni siku mbili tatu, kisha kazi zikalifunika.

Wiki ya pili ya Aprili, simu zikakatika. Tjark aliandika mstari mmoja tu: *Siwezi kuongea nawe kwa sasa. Usiniulize kwa nini.* Svenja aliuliza mara sita. Hakujibiwa.

Jumatatu iliyofuata Holger alikuja na karatasi, uso umejaa furaha. "Tumepewa wakaguzi. Roswitha Kleinschmidt, yule mama mkali, na mwingine kahamishwa kutoka helikopta. Tjark Harmsen. Unamfahamu?"

"Hapana," Svenja alisema, na uongo huo ulimtoka wepesi mpaka akajishangaa. Mkaguzi hatakiwi kuwa na uhusiano wowote na anayemkagua, hata wa kunywa kahawa. Kumbe ndiyo hivyo, alijiambia. Kapewa jalada kubwa, la kwanza la aina yake, kaniweka kando kama mwavuli mvua imekwisha.

Wiki tatu baadaye yakaja maswali ya Mamlaka, arobaini na moja. Alisoma vizuri mpaka la kumi na nne: *Mwombaji aeleze jinsi msaidizi anavyofanya kazi jua likiwa chini na njia ikiwa imelowa.*

Alitoka nje, akasimama kwenye maegesho katikati ya magari, akapiga simu. Ilipokelewa.

"Svenja, siruhusiwi kuongea na wewe."

"Usiongee, sikiliza. Nilikwambia nikiwa nimekushika mkono. Nilikwambia kama mtu wangu. Swali la kumi na nne umelitoa wapi?"

Kiti kilisogezwa upande wa pili.

"Jibu moja tu, Tjark. Umelitoa kwangu, hukulitoa kwangu?"

Alisikia birika la chai likianza kulia huko, na hakuna aliyekwenda kuliondoa. "Siruhusiwi kujibu," Tjark alisema.

"Basi kaa na ruhusa zako. Uzioe, mzae."

Akakata. Akaizuia namba yake isimfikie tena. Kisha akakaa chini kwenye ukingo wa saruji na sketi yake nyeupe ya ofisi, bila kujali, akalia kilio kibaya, kile cha mtu anayejua kwamba nusu ya hasira ni yake mwenyewe.

Mwishoni mwa Mei, Roswitha Kleinschmidt alifika kampuni kuwahoji. Miaka sitini hivi, sweta la kahawia, viatu vya kupandia mlima, na kahawa yake mwenyewe kwenye chupa. Maswali kumi na matatu yalikwenda vizuri. Kwenye la kumi na nne Holger aliwahi.

"Hilo tunalichunguza bado, Bi Kleinschmidt. Data hazijatosha."

"Bi Odenthal?" mama aliuliza.

Svenja alikuwa na uchungu mdomoni. "Muulizeni Bwana Harmsen. Si swali lake?"

Mama aliweka kalamu chini. "Harmsen? Harmsen hajawahi hata kulifungua jalada hili. Swali ni langu. Nimekaa na picha zenu elfu arobaini za mafunzo, nikazipanga kwa saa na kwa hali ya hewa. Jua la chini zipo. Lami iliyolowa zipo. Vyote viwili pamoja, hakuna hata moja. Hiyo si siri, binti, hilo ni shimo. Nani asingeliona?"

"Lakini jina lake..."

"Lilitoka tarehe tisa Aprili asubuhi. Mchana wake alikuwa ameshajaza tamko la maslahi ajiondoe. Wakubwa wakamwambia mpaka waamue, asiseme na nyinyi hata neno. Wameamua juzi." Alipekua folda yake. "Mwombaji ana haki ya kuliona. Fomu ina mistari miwili ya maelezo. Yeye kaandika mpaka nyuma."

Mwandiko ulikuwa wa Tjark, umesimama wima kama uzio.

*Nampenda mhandisi anayeitengeneza mashine hii. Yeye hajui, sababu sijamwambia. Kuna jambo la kazi aliloniambia kwa kuniamini. Nikilitumia nitakuwa nimemwibia, nikilinyamazia nitakuwa nimewaibia abiria. Sistahili kulikagua jalada hili. Nililitamani sana. Naomba niondolewe.*

Svenja aliisoma mara mbili. Holger alikuwa anamkanyaga mguu chini ya meza. Katika miaka sita alikuwa ameidai mashine ukweli ambao yeye mwenyewe, tangu Novemba, alikuwa anaukwepa kwa neno toleo lijalo.

"Tulijua," alisema.

"Svenja!" Holger alisema.

"Tulijua, Holger. Bi Kleinschmidt, Pitter alikosea mara mbili, alisema njia iko wazi na haikuwa wazi. Tarehe ninazo. Andika."

Mama aliandika polepole. Cheti kilisogezwa mwaka mzima. Mchana ule Svenja alikwenda mwenyewe kwa Holger, akamweleza kwamba alikuwa anamfahamu Harmsen, na kwamba aliposema hamfahamu alidanganya. Holger hakumsalimia siku tatu. Siku ya nne alimletea kahawa, akaiweka mezani, akasema, "Tutahitaji mvua nyingi na jua la jioni," akaondoka. Ndiyo ilikuwa pole yake.

Jumamosi Svenja alimkuta Tjark sokoni Nippes, mahali ambapo watu wa kaskazini wote huonekana siku moja au nyingine: kwa muuza samaki. Alikuwa na shati la bluu lililopauka, mikono imekunjwa, mfuko wa karatasi unadondosha mafuta.

"Nilikupigia mara nne tangu waliponiruhusu," Tjark alisema, kabla hata ya salamu.

"Nilikuzuia."

"Nilifikiri hivyo."

"Nimesema maneno mabaya, Tjark."

"Lile la kuzaa na ruhusa lilikuwa zuri. Nimewasimulia watu wawili."

Svenja alitaka kucheka, machozi yakatangulia. "Ile fomu nimeisoma. Mwanamume mzima unampenda mtu, unaiambia serikali kabla ya kumwambia mwenyewe!"

"Serikali iliniuliza."

"Na mimi? Mimi sikuuliza kila asubuhi?"

Tjark alihamisha mfuko wa samaki mkono huu hadi huu. Masikio yalikuwa mekundu. "Ile fomu tunaijaza upya kila mwaka. Mwisho tarehe thelathini Juni."

"Enhe."

"Kuna kisanduku cha ndugu. Kuna cha hisa. Kuna cha mke au mume. Cha kwangu hakikuwepo, ndiyo maana nikaandika sana." Alikohoa. "Ofisi ya ndoa ya mji ina nafasi moja wazi, tarehe ishirini na saba, saa tatu na nusu asubuhi. Niliuliza tu."

"Uliuliza lini?"

"Jana."

"Jana! Nilikuwa sijaongea nawe mwezi mzima!"

"Kuuliza si kosa. Nikasema, akinifungulia simu, nafasi isije ikawa imeshachukuliwa."

Muuza samaki alikuwa ameacha kukata, kisu kiko hewani. Bibi mmoja mwenye toroli la sokoni alisogea karibu, akijifanya anachagua dagaa.

Svenja alifuta macho kwa mkono wa gauni. Akamnyooshea kola ya shati, kwanza kushoto, kisha kulia, kama mtu ambaye kazi hiyo ameshaizoea.

"Tia alama, Tjark," alisema. "Kisanduku kimoja tu. Nyuma usiandike kitu."