Mhusika Aliyerukwa

Kiti kilikuwa cha moto. Mwandishi alikuwa ameshinda nje kutwa nzima, chumba cha kuandikia kimefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake, lakini alipoketi aliruka. Kiti kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Na mle ndani mlinuka nywele zilizoungua.

"Ulikaa humu?" alimuuliza mkewe.

"Nikae kwenye kiti chako na tumbo hili? Hebu niondolee!"

Wakacheka, yakaisha. Mimba ilikuwa ya miezi saba, baada ya mbili zilizoharibika, na nyumba nzima ilikuwa ikitembea kwa ncha za vidole.

Sasa huyu bwana alikuwa na ugonjwa mmoja: majina. Katika riwaya zake hakuna mtu aliyeitwa hivi hivi tu. Safari hii mwizi alimwita Amini, fukara asiye na hata godoro akamwita Tajiri, na bibi mmoja wa kulalamika kutwa kucha akamwita Radhia. Mkewe humtania, "Wasomaji wako wanasoma au wanachimba kisima?" Jini wa riwaya peke yake ndiye aliyenyimwa jina. Mwandishi alijiona mjanja kweli. Alisema kukosa jina ndilo fumbo lenyewe, wahakiki watalihangaikia mpaka wachoke.

Wiki ile ile, mchana kweupe, mkewe akimenya vitunguu jikoni, alisikia sauti chumba cha kuandikia ikiita majina taratibu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Amini. Tajiri. Radhia. Kisha kimya, kisha pumzi ndefu ya mtu aliyerukwa. Alikwenda kumvuta mumewe, wakasimama mlangoni wameshikana mikono.

"Redio ya jirani hiyo," alinong'ona mwandishi.

"Jirani kaipata wapi riwaya ambayo haijachapwa?"

Ndipo sauti ikaita jina jingine, jina la mtoto, walilolichagua wawili chini ya shuka na hawakuwaambia hata mama zao, ikaliita kwa mapenzi, ikalirudia, na kila ilipolirudia ile harufu ya nywele ilizidi kupenya chini ya mlango, na mtoto aliyekuwa akipiga mateke tangu asubuhi akatulia tuli, mwanamke akawa anajipapasa tumbo huku na huku akitafuta hata mtikisiko mdogo, asiupate.

"Kaacha kucheza," alisema. "Mume wangu, kaacha!"

Mganga waliyemwita, mama mmoja mnene asiye na mzaha, alinusa mlango tu akakataa kuingia. Alimvuta mwandishi kando.

"Jini huyu hafukuziki. Umemwita mwenyewe kwa kalamu yako, wenzake wote ukawapa majina, yeye ukamwacha. Sasa anajichagulia. Akilishika la mtoto, mtoto atazaliwa ganda tupu."

"Basi nitamtungia zuri!"

"La kutunga hataki. Anataka la mtu. Na mwenye jina ndiye wa kulitoa. Wa tumboni hawezi hata kusema hapana."

Mwandishi aliingia peke yake. Alilitamka jina lake kamili, lake na la baba yake, akasema, "Lichukue. La mwanangu liache."

Harufu ikakatika pale pale. Huko nje mkewe akapiga ukelele, "Anacheza! Jamani, anacheza!" Mganga hakufurahi. Alichukua mkoba wake akaondoka bila kukubali hata maji ya kunywa.

Jioni mke alijilaza kwenye kochi, kayafumba macho kwa uchovu na raha. Akamwita mumewe kwa jina lake. Mwandishi alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua kinywa aitike, sauti haikutoka. Alijaribu tena, akajikamua kwa nguvu zote, na hata mguu ukagoma kunyanyuka.

"Naam, mke wangu," iliitika sauti yake, nyuma ya kisogo chake. Kitu kikampita, kikampiga kikumbo begani, kikaenda kwenye kochi kwa hatua za mwandishi mwenyewe.

"Lete mkono," mke alisema akitabasamu, macho bado kayafumba. "Umesikia anavyopiga?"

"Nimesikia," kilimjibu. "Mwanangu ana nguvu."