Zifunge Zote

Kasuku alikuwa amechuchumaa uani akisugua sufuria aliposikia hodi ya mtu asiyemjua. Wateja wa mama yake, fundi cherehani, hupiga hodi huku wameshaingia. Hodi hii ilisubiri mlangoni.

"Karibu!" aliitikia, akajifuta mikono kwenye gauni.

Aliyesimama pale alikuwa mama wa makamo, kavaa mabuti ya mvua ingawa siku ilikuwa kavu. Mikononi alishika trei ya miche kwa uangalifu wa mtu aliyebeba uji wa moto.

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimepanga kiwanja hicho hapo nyuma yenu. Bomba langu limepasuka, na wagonjwa wangu wana kiu. Nisaidie ndoo moja tu ya maji."

Kasuku akachungulia nyuma ya mgeni. Hakuona mtu. "Wagonjwa wenyewe wako wapi?"

Mgeni akainua trei. "Si hawa hapa? Nimekuwa nesi miaka thelathini na miwili. Ulimi bado haujazoea kusema miche."

Kasuku alicheka mpaka mama yake akanyamazisha cherehani ili asikie kulikoni. Siku hiyo alibeba ndoo sita badala ya moja, na kila ndoo alikwenda nayo akiuliza maswali. Ndiyo sababu walimwita Kasuku, maneno hayakumwishia.

Kiwanjani palikuwa na banda refu la nailoni nyeupe, limetandazwa juu ya mabomba yaliyopindwa kama mbavu. Kwa nje halikuvutia. Kasuku alipoinama na kuingia, alisimama ghafla. Hewa ilikuwa ya vuguvugu na yenye unyevu, kama pumzi ya mtu aliyelala. Mwanga ulikuwa laini, hauna kivuli. Udongo ulinukia mvua ambayo haijanyesha.

"Huku ndani kuna hali yake ya hewa!" alisema.

"Kuna hali yake, na mwenye kuitunza ni sisi," Nesi alijibu. Akamwonyesha mstari wa mwisho. "Mstari huu ni wako. Miche ishirini ya nyanya. Ikizaa, mtakula wewe na mama yako."

Tangu hapo Kasuku alianza siku bandani kabla ya kwenda shule. Alijifunza kukunja nailoni za pembeni asubuhi ili hewa ipite. Alijifunza kuchuma machipukizi yasiyotakiwa kwa kucha, na alipenda harufu ya kijani iliyobaki vidoleni hata darasani. Maua ya kwanza ya njano yalipochanua, aliyahesabu kila siku kama mtu anayehesabu siku za likizo.

Jambo moja tu lilimnyima Nesi raha. Mwaka uliopita ugonjwa wa mnyauko ulimwingilia kwenye banda lake la zamani. Aliona mnyanya mmoja umelegea, akausubiri upone. Wiki moja baadaye nyanya zote zilikuwa zimekufa.

"Safari hii sisubiri," alisema. "Nikiuona tena, nang'oa yote na kuchoma."

Jumatano jioni Kasuku alikuta banda halina mtu. Kipande cha boksi kilining'inia mlangoni. Kiliandikwa: *Kasuku, dada yangu anaumwa, nimekwenda kumwona. Narudi keshokutwa. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, zifunge zote. Usisahau hata moja.*

Kasuku alisoma mara mbili. Zifunge zote. Siku hiyohiyo matingatinga yalikuwa yakichimba barabara jirani, na vumbi lilikuwa limetanda kila mahali. Aliona sababu. Alhamisi alfajiri aliteremsha nailoni zote za pembeni, akazifunga kwa kamba moja baada ya nyingine, akaziba na mlango. Alikwenda shule akijiona mtu mzima.

Aliporudi saa tisa, joto lilimpiga usoni kama amefunua chungu. Minyanya yote ilikuwa imelala. Majani yalikuwa yamejikunja na mengine yameungua pembeni.

"Mungu wangu!" Alifungua kila upande, akabeba maji mpaka mabega yakauma. Kufikia jioni mashina mengi yalikuwa yameinuka tena. Kasuku akavuta pumzi. Labda yameisha.

Hayakuwa yameisha. Ijumaa asubuhi maua yalikuwa chini, njano tupu juu ya udongo mweusi. Hapo ndipo alipoona kitu kilichomfanya aketi chini. Kamba mpya alizotundika Nesi zilikuwa zimening'inia kutoka juu ya banda, moja kwa kila mnyanya, na hakuna hata moja iliyofungwa kwenye shina. Zifunge zote. Alikuwa ameambiwa afunge nyanya.

Shuleni hakusema neno. Rafiki yake, binti wa kinyozi, alimchokoza. "Wee Kasuku, leo umemeza kufuli?"

Kasuku akamwambia yote.

"Sasa unalia nini? Nyanya zina mdomo? Jua ni kali, kila mtu analijua. Kaa kimya."

"Akiniuliza?"

"Utasema hukuona kitu. Ukisema kweli atakufukuza, basi, kwaheri mstari wako."

Jioni Nesi alirudi. Alipita kati ya mistari polepole, akashika jani hili na lile, akaokota ua moja. Uso wake ulibadilika.

"Zililegea?"

"Jana mchana," Kasuku alisema. "Jioni zikaamka."

"Zinalegea mchana na kuamka jioni." Nesi aliongea kama anajisemea mwenyewe. "Ndivyo ulivyoanza mwaka jana. Mjukuu wangu, kuna jambo lolote lilitokea nilipokuwa sipo?"

Kasuku alitazama vidole vyake vya miguu. "Hapana, Bibi."

"Basi ni mnyauko. Kesho nang'oa."

Nyumbani mama yake alimpa nguo ya kukata nyuzi, na Kasuku akakata mpaka akatoboa mkono wa gauni la mteja. Mama alimtazama, akamwekea mkono shingoni kupima homa. "Huna homa. Una nini?"

"Sina kitu, Mama." Lilikuwa hapana la pili siku hiyo, nalo lilikuwa zito kuliko la kwanza.

Jumamosi asubuhi alisikia mishindo kutoka kiwanjani. Alikimbia bila viatu. Nesi alikuwa amekwisha ng'oa minyanya mitatu. Ilikuwa imelala njiani, mizizi juu, na Nesi alikuwa ameshika wa nne. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Bibi, usiung'oe!" Kasuku alidaka shina. "Si ugonjwa. Ni mimi. Nilifunga banda."

"Ulifunga nini?"

"Nailoni, na mlango. Alhamisi, kutwa nzima. Uliandika zifunge zote, nikafikiri ni nailoni. Halafu nikakudanganya."

Nesi aliuachia mnyanya. Alikwenda mlangoni, akasoma boksi lake mwenyewe. Akarudi, akachukua wembe na kupasua shina la mnyanya mmoja aliokwisha ung'oa. Ndani lilikuwa jeupe na safi.

"Mnyauko ungeacha rangi ya kahawia hapa," alisema. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Hofu imenifanya nichome mgonjwa bila kumpima. Na barua nimeandika kama daktari, asiyeelewa shauri yake. Hayo ni yangu."

Kasuku alilia sasa kwa sauti. "Unanifukuza?"

"Njoo ukae." Nesi alimsogezea ndoo nyingine. "Sikiliza. Wodini nimeona makosa mengi, mengine yangu. Kosa likisemwa asubuhi, mchana tumeshalitibu. Lakini mgonjwa akinificha alichokula, nitampa dawa isiyo yake, na hiyo dawa ndiyo itakayomuua. Kufunga nailoni ni kutoelewa. Hata mtu mzima hukosea. Ila lile hapana lako la jana ndilo lililoua hii mitatu. Joto halikuiua. Umeona tofauti?"

"Nimeona, Bibi."

"Ukweli una wakati wake. Ungechelewa saa moja zaidi, ungenikuta nachoma banda zima. Umewahi. Nashukuru kwamba umewahi."

Siku hiyo walifunga minyanya yote kwenye kamba, wote wawili, na mama yake Kasuku akaja kusaidia na kibati cha sindano mfukoni. Nesi alieleza kwamba maua mapya yangechanua baada ya wiki mbili hivi. Bandani hamna upepo wala nyuki wa kutosha, kwa hiyo kila kamba ilipaswa kugongwa kidogo saa nne, umande ukishakauka, ili chavua, ule unga wa maua, ianguke na matunda yashike.

"Siku za shule nitagonga mimi," Nesi alisema. "Jumamosi na Jumapili nampeleka dada yangu hospitali."

"Siku hizo ni zangu," Kasuku alisema. "Sitaacha hata kamba moja. Naahidi."

Jumamosi ya tatu, maua yakiwa yamejaa, timu ya mpira wa pete ya shule ilipangiwa mchezo wa fainali. Saa nne kamili. Kasuku ndiye aliyekuwa mfungaji wao.

"Gonga saa moja uje!" binti wa kinyozi alimsihi.

"Saa moja maua yana maji. Chavua haitoki."

"Nani atajua?"

Kasuku alitikisa kichwa. Saa nne alikuwa bandani. Aligonga kamba ya kwanza, unga wa njano ukaelea kwenye mwanga. Kwenye mstari wa pili, nyuma ya petali zilizosinyaa, aliona kitunda cha kijani, kidogo kama punje ya pilipili manga. Kutoka uwanjani filimbi ililia. Moyo wake uliruka, lakini mkono haukukimbia. Zilibaki kamba sabini, akazigonga zote, mpaka ya mwisho.

Alipofika uwanjani anahema, mwalimu wa michezo alitazama saa yake. "Kanuni unaijua. Anayechelewa hachezi."

"Naijua, Mwalimu."

Alikaa kwenye benchi, jezi safi. Timu yao ilishindwa kwa goli moja, na binti wa kinyozi alipita mbele yake bila kumsemesha.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Saa nne, Kasuku aliinama, akaingia bandani, akashika kamba ya kwanza.