Safari ya Lamu Iliyoishia Mombasa

Kila alfajiri, msimu wa mpunga kuanza kuiva, Ummy wa kijiji cha Mtawanya, Kibiti, alikuwa na kazi ya kuamia ndege. Alipanda dunguni, kibanda cha miti mirefu kilichojengwa katikati ya shamba, akapiga debe na kelele hadi ndege wakatawanyika. Mikono ilikuwa kazini, lakini akili ilikuwa Lamu.

Msichana huyu aliitamani Lamu, wala sitii chumvi. Ustadhi Mudathiri wa madrasa yao alikuwa ameandaa ziara ya Kenya: Ngome ya Yesu mjini Mombasa, magofu ya Gedi, kisha Lamu yenyewe, yenye vichochoro vyembamba na milango ya nakshi. Ummy akila anaitaja, akiosha vyombo anaitaja, mpaka kaka yake Hemedy akamwuliza kama ameposwa huko.

Wiki ya safari akashikwa na homa. Zahanati walimpima, wakamkuta na malaria. Mganga alimpa dawa mseto, akamwonya azimeze mpaka ziishe, hata akijisikia mzima. Kesho yake homa ilishuka. Lakini vidonge vilimchafua moyo, naye akaogopa kutapika garini mbele ya wenzake. Vilivyobaki akavifukia nyuma ya jiko.

"Dawa umemaliza?" mama yake aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

Mama akamwamini, akamruhusu kusafiri.

Ummy alikabidhiwa kwa Bi Maimuna, mke wa Ustadhi. Naye Bi Maimuna alikuwa na hamu yake. Mdogo wake, Johari, aliolewa Lamu zamani, na tangu hapo walikuwa wakisikiana kwenye simu tu. Kutoka Kibiti hadi mpakani Horohoro alipakata mkeka aliomsukia, akisema, "Sijui nitamtambua? Nilimwacha kigori, leo naye ana wajukuu."

Mombasa, mtembezaji wao, Bwana Khalidi, aliwapandisha juu ya kuta za ngome. Aliwaonyesha mizinga ya kale, akawasimulia jinsi Wareno na Waarabu walivyoipigania. Ummy alitaka kusikia kila neno, lakini meno yalikuwa yakigongana.

"Mwanangu, jua lote hili nawe watetemeka?" Bwana Khalidi alimwuliza.

"Ni upepo tu," Ummy alijibu. Papo hapo akaketi chini.

Hospitali walisema malaria imepamba moto, lazima alazwe. Asubuhi kundi lilipita kumuaga. Bi Maimuna hakuweza kumwacha mtoto wa watu peke yake ugenini. Alimpa mumewe mkeka, akasema, "Mwambie nilifika Mombasa."

Basi likaondoka. Ummy aligeukia ukutani, akalia. Gedi ile inakwenda, na Lamu ile inakwenda, naye yuko kitandani. Mara simu ya Bi Maimuna ikalia. Alikuwa Johari, akiuliza wamefika wapi.

"Mtoto kaumwa, mdogo wangu," Bi Maimuna alimjibu kwa sauti ya chini. "Mungu hakupenda tuonane."

Hapo Ummy akashindwa kuvumilia. Aliinuka, akaiomba simu.

"Bi Johari, shikamoo. Si Mungu, ni mimi. Dawa nilizifukia nyumbani, nikamdanganya mama kwamba nimemaliza. Ni mimi niliyekukosesha dada yako."

Bi Maimuna aliichukua simu, akamuaga mdogo wake, akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Sikufichi, Ummy, nimeumia," alisema baadaye. "Homa ikishuka, ugonjwa bado umo mwilini, ndiyo maana dawa humalizwa. Ungesema ukweli kwenu, ungetibiwa ukapona, na leo sote tungekuwa njiani."

Tangu saa ile Ummy alimeza kila kidonge alicholetewa, moyo ukimchafuka vilevile. Akapona. Kundi liliporudi kuwachukua, wenzake walikuwa na habari za punda na vichochoro hadi wanakatizana. Ustadhi alileta salamu za Johari na chupa ya achari. Bi Maimuna aliipokea, akaipakata kama alivyoupakata mkeka.

"Nisamehe, Bi Maimuna," Ummy alisema.

"Nimekusamehe, mwanangu, kwa moyo wangu wote. Lakini msamaha wangu haunifikishi Lamu. Siku utakapotaka tena kuficha maradhi, likumbuke hilo kwanza."