Wening na Chuma Kisichotaka Kubembelezwa

Kila Jumapili asubuhi, baada ya kufagia karakana na kuandaa chai ya asumini, Wening alivaa miwani ya kazi na kumsaidia baba yake, fundi Tarjono, kukereza vyuma. Karakana yao ya pale Tegal, Indonesia, ilipakana na jiko, kiasi kwamba hata tempe ya mama, ile soya iliyochachushwa, ilinukia mafuta ya mashine.

Jumapili hiyo palikuwa na fimbo moja tu ya aloi ya nikeli, nene kama kifundo cha mkono. Mzee Karyadi angekuja kuichukua adhuhuri kwa ajili ya pampu ya kiwanda, na fimbo nyingine hakuwa nayo.

"Mizunguko mia na hamsini kwa dakika, kina milimita moja, na usisimame katikati," Baba akaagiza, akaenda kuoga.

Wening akatazama saa. Mchezo wa badminton ungeanza saa nne. Chuma cha kawaida alikikereza kwa mizunguko mia sita, na hakuna aliyekufa! Akapandisha kasi hadi mia sita.

Ncha ya kisu cha mashine ikaiva nyekundu kama pilipili, ikaisha. Akaibadilisha. Sasa, kwa woga, akashusha kasi na kukwangua juu juu, kama anayemmenyea mgonjwa tango, akisimama kila mara kuchungulia. Chuma kikapiga mayowe. Majogoo wa jirani wakaitikia.

"Mnachinja nini humo?" Bibi Rasmi akauliza juu ya ukuta. "Mbona hamjanialika?"

Baba akatoka mbio na saruni kiunoni, povu la sabuni limemjaa masikioni. "Kuna nini?"

"Chuma ni kibovu, Baba."

"Kibovu? Karyadi ananiletea takataka mimi? Atanitambua leo!" Akapiga simu, lakini ikamteleza mkononi kama kambale. Wening akaidaka.

"Haloo, fundi?" ikasema simu.

"Mwambie!" Baba akanguruma, akijifuta macho. "Mwambie chuma chake kibovu!"

Wening akaiweka simu sikioni.

"Shikamoo, mzee. Chuma chako ni kizima. Nimekiharibu mimi. Nilikimbiza mashine niwahi kucheza."

Baba akaichukua simu, akaomba radhi, akaikata.

"Ulikwangua mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi umekikomaza ngozi. Chuma hiki ukikisugua sugua kinazidi kuwa kigumu. Lazima kisu kipite chini ya hiyo ngozi." Akapima. Ilibaki milimita moja na nusu ya kukereza. "Mara moja tu. Tukikosea, basi."

Ncha mpya, mizunguko mia na hamsini, maji ya kupozea yakimiminika. Kisu kikazama milimita moja, kikaenda bila kusita hadi mwisho. Wening akasahau kupumua. Nusu milimita iliyosalia ikatoka kwa urahisi, na adhuhuri Mzee Karyadi akaipima fimbo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka nayo.

"Kukosea nitakusamehe," Baba akasema. "Mimi mwenyewe nimeunguza visu debe zima. Lakini ungenificha, ningemtukana mtu asiye na kosa, kisha ningekwangua juu juu kama wewe, fimbo ikaenda kutupwa. Ukiharibu, sema mapema, na useme yote."

"Ndiyo, Baba."

Wening akafungua daftari la mashine, akaandika kasi zote mbili: ile sahihi, na ile ya aibu.