Sinia Moja na Mama Mkwe

"Castory, makochi yako wapi?"

"Karibu kwanza, mpenzi. Vua viatu."

"Nimekuuliza makochi."

"Vua viatu, Ruthu, hilo zulia ni jipya."

Nilisimama mlangoni na mfuko wa nyanya mkononi, nikaiangalia ile sebule yake ya Makole, hapa Dodoma, niliyoizoea miaka miwili. Makochi hakuna. Meza ya kioo hakuna. Hata stuli ya plastiki ya jikoni hakuna. Kuta zimepakwa rangi ya udongo, magodoro membamba yamelazwa chini kuzunguka chumba, mito imejaa kila kona, na katikati kuna sinia kubwa la shaba lililokaa juu ya vimiguu vifupi. Juu inaning'inia taa ya bati iliyotobolewa matundu, imetupa vidoa vya mwanga mpaka kwenye blauzi yangu.

Huyo ndiye mchumba wangu. Mhaya wa Bukoba, ana kazi yake nzuri kule Mtumba kwenye ofisi za serikali, na alikuwa na akili zake timamu mpaka mwezi wa tatu, ofisi ilipompeleka semina Marrakesh siku tisa. Siku tisa tu jamani! Wenzake walirudi na vyeti. Yeye alirudi na Morocco nzima. Tangu hapo nimenyweshwa chai ya nanaa mpaka nikienda zahanati kazini wagonjwa wananinusa. Na wala haimimini kama binadamu wengine. Anainua birika mpaka usawa wa kichwa, nusu inaingia kwenye glasi, nusu inaishia mguuni kwangu.

"Makochi nimempa fundi Brighton," akasema, anatabasamu kabisa. "Tumebadilishana. Yeye kanichongea ule."

Akanyoosha kidole. Kando ya mlango wa jikoni uliegemezwa ubao mrefu kunizidi mimi, mpana kama kitanda, umetobolewa nyota nyota kuanzia juu mpaka chini.

"Umetoa makochi ukachukua chujio?"

"Siyo chujio, Ruthu. Kule wanauweka katikati ya nyumba. Mtu akikaa nyuma yake anaona kila kitu, anasikia kila kitu, ila yeye haonekani. Yaani ni ufundi wa..."

"Castory! Mama yangu anakuja kesho!"

"Ndiyo maana nimefanya haraka."

Nikakaa chini. Siyo kwamba nilipenda, pengine pa kukaa hapakuwepo.

Naomba mnielewe kwa nini nilikaribia kulia. Wajomba zangu walishamaliza mazungumzo ya ng'ombe. Padri alishatupa tarehe. Kilichobaki ni mama yangu, mama Anyesi, kutoka kijijini kwetu njia ya Mtera, kuja kuona nyumba atakayokaa binti yake na kula chakula humo. Akila, ndoa ipo. Akiondoka bila kula, wajomba wote waongee mpaka wakauke koo, hakuna ndoa. Dada yangu Hilda alishawahi kuletewa mchumba mwenye gari na nyumba ya ghorofa. Mama alifika, akaangalia, akasema tumbo limejaa. Mpaka leo yule mchumba hatujui alipo.

"Tulipanga nini?" nikamuuliza. "Mama anakaa kwenye kochi. Wewe unamsalimia ukiwa mlangoni, halafu unatoka, una shughuli zako."

Tabasamu likamtoka.

"Hilo ndilo linaloniuma. Shughuli gani Jumamosi mchana? Mama mkwe wangu anakuja mara ya kwanza, halafu mimi nifukuzwe nyumbani kwangu?"

"Nani kakufukuza?"

"Niliomba nipige naye picha Krismasi, ukasema hapana. Niliomba nimsalimie kwenye simu, ukasema hapana. Miaka miwili sauti ya mama yako siijui! Unanionea aibu, Ruthu. Sema tu."

Hapo ndipo ningesema. Maneno mawili matatu tu yangetosha. Lakini nilikuwa nimechoka, nina hasira na makochi, na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikutaka kulikumbuka. Nikabeba mfuko wangu wa nyanya.

"Fanya unavyotaka," nikasema. Nikaondoka.

Kesho yake saa tano simu ikaita.

"Ruthu, nimeshuka."

"Shikamoo mama. Uko upande gani?"

"Marahaba. Nipo hapa kwenye watu. Nina jogoo."

Nikamfuata stendi. Alikuwa na jogoo kwapani, furushi la mlenda mkavu, perege wa kukausha wa Mtera, na khanga yake mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Kwenye bajaji nzima aliuliza swali moja.

"Huyo kijana wako ana adabu?"

"Anayo, mama."

"Tutaona."

Nilishamtumia Castory ujumbe: "Tunakuja. Nakuomba usimame MLANGONI." Akajibu kwa alama ya dole gumba. Nikashukuru Mungu.

Nilishukuru mapema. Tulipoingia, Castory hakuwa mlangoni. Alikuwa katikati ya zulia, amevaa kanzu yenye kofia kwa nyuma na makubazi ya njano yenye ncha, mkono mmoja birika la shaba, mkono mwingine beseni, taulo begani.

"Mbukwenyi mama!" akasema kwa nguvu. Sijui Kigogo hicho alifundishwa na nani. "Karibu sana nyumbani. Lete mikono nikunawishe."

Mama akageukia ukuta.

Castory akadhani hajasikia. Akazunguka, akamtokea mbele. "Mbukwenyi mama!" Mama akageukia ukuta mwingine. Castory naye akazunguka, maji yanamwagika, jogoo anapiga kelele kwapani. Walizunguka lile sinia karibu mara mbili, na mimi nimesimama pale natamani ardhi inimeze.

"Castory, acha!"

"Kwani vipi? Mgeni ananawishwa na mwenye nyumba mwenyewe, ndiyo heshima." Akaweka beseni chini, akafunua chungu kilichokuwa kwenye sinia, chungu chenyewe kina mfuniko mrefu uliochongoka. Mvuke ukapanda. "Mama, leo hakuna mambo ya sahani. Tutakaa chini, tutakula wote sinia moja. Mimi hapa, wewe hapa mbele yangu."

"Mama yangu weee!" akasema mama. Akajifunika khanga mpaka usoni, akapita jikoni, akatoka uani na jogoo wake. Nilichungulia nikamwona amepindua ndoo, ameikalia, ametupa mgongo.

"Mama, subiri..."

"Niitie bajaji," akasema bila kugeuka. "Nina safari."

Nikarudi ndani. Castory alikuwa bado ameshika mfuniko wa chungu.

"Basi," akasema polepole. "Nimekataliwa. Mimi ni mtu wa kuja, siyo wa kwenu. Ungeniambia tangu mwanzo nisijisumbue."

"Hujakataliwa kwa sababu ya kwenu."

"Kwa sababu ya nini sasa? Hakuniangalia hata usoni!"

"Hatakiwi kukuangalia usoni! Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawatazamani, hawakai mahali pamoja wakanyoosha miguu, na kula chombo kimoja ndiyo kabisa, ni kama umemvua nguo! Ndiyo heshima yenyewe. Anakuheshimu, ndiyo maana anakukimbia!"

Castory aliweka mfuniko chini taratibu.

"Mbona hukuniambia?"

Nikaanza kufuta maji yaliyomwagika kwenye zulia.

"Ruthu. Miaka miwili. Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu nilimwambia Fredy."

Fredy nilikuwa naye kabla yake. Castory alimjua kwa jina tu.

"Nilimweleza vizuri, kama ninavyokueleza wewe. Akacheka mpaka akashika mbavu. Siku ya pili tuko kwenye sherehe ya rafiki zake, akajifunga kitambaa kichwani, akawa anamuigiza mama yangu anavyokimbia wakwe. Watu wazima wanacheka, na mimi nimekaa pale na soda yangu." Machozi yalishaanza, na nikilia mimi nakuwa mbaya. "Nakupenda, Castory. Sikutaka kuona uso wako ukicheka vile. Nikasema bora utoke uende zako, mama ale, mambo yaishe."

Akaliinua birika. Halafu akasema kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake:

"Mimi nimebeba hili birika kwenye ndege tatu. Unajua kwa nini? Kuna mzee kule alininawisha mikono mimi, kijana mdogo, mgeni nisiyejua hata lugha yake, na sijasahau. Nikasema siku mama yako akija, namfanyia hivyo. Halafu wewe unaniweka kapu moja na Fredy?"

Nilikosea, na nikamwambia hivyo. "Nimekosa. Nisamehe."

Simu yangu ikalia. Namba ya mama, kutoka uani, hatua kumi na mbili tu. Nikapokea.

"Bajaji iko wapi?"

"Inakuja, mama."

"Na huyo mume wako mtarajiwa amevaa gauni kwa nini?"

Nikakata simu. Castory alikuwa ameinuka, anautazama ule ubao wa Brighton. Nikadhani ana hasira, anataka kuanza kubomoa Morocco yake. Akaushika upande mmoja.

"Shika huko."

"Unataka kufanya nini?"

"Shika, Ruthu. Nilikwambia jana, hukunisikiliza."

Nikakumbuka. Anaona, anasikia, haonekani. Nikaanza kucheka huku bado nalia. Tuliuburuta ule ubao mpaka katikati ya sebule, tukausimamisha. Castory akapakua chakula kwenye vyombo viwili. Upande wa jikoni nikatandika godoro na mito minne. Yeye akakaa upande wa mlango mkubwa, amevua yale makubazi.

Nikatoka uani.

"Mama, ingia."

"Sili na mkwe."

"Hutakula naye. Pitia jikoni uone mwenyewe."

Aliingia kwa mashaka, jogoo mbele. Akaukagua ubao juu mpaka chini. Akachungulia tundu moja, akarudi nyuma haraka, akachungulia tena.

"Yeye ananiona?"

"Hakuoni. Upande wako kuna giza, kwake ndiko kwenye mwanga."

"Mimi namwona."

"Ndiyo."

"Mbona mwembamba?"

"Nitanenepa, mama," sauti ya Castory ikatoka upande wa pili.

Mama akanigeukia mimi, amekasirika. "Mwambie sijaongea na yeye."

"Castory, hajaongea na wewe."

"Mwambie samahani."

"Mama, anasema samahani."

"Nimesikia, mimi siyo kiziwi."

Yaani nilikaa katikati yao nusu saa nzima nikitangaza maneno ambayo kila mmoja ameshayasikia. Lakini mama alikaa. Akanyoosha miguu, akaegemea mto, nikamnawisha mimi kwa birika lile lile. Akapapasa ukuta.

"Rangi hii ni ya tembe la bibi yako," akasema. "Muulize nani alimfundisha."

"Wamorocco, mama," akajibu Castory.

"Mwambie hao Wamorocco ni watu."

Nikasukuma sahani mbele yake. Akaitazama sana. Upande wa pili Castory hata kijiko hakukigusa. Mama akachota kidogo ile kuskusi, chembe chembe za ngano za hao Wamorocco. Akatafuna. Akachota tena, safari hii na kipande cha kuku.

"Mwambie ugali wake umekataa kushikana."

"Mama anasema..."

"Na kuku ametiwa zabibu. Nani anaweka zabibu kwenye kuku?" Akachota tena. "Mwambie siku nyingine apike na ule mlenda niliouleta, uyashike haya mambo." Alikula mpaka sahani ikaonyesha maua yake ya chini. Halafu akafuta mdomo kwa pindo la khanga, akasogeza uso karibu na tundu.

"Ruthu, mwambie anitajie jina lake. Nataka nilisikie kwake mwenyewe."

Nikasikia Castory anajiweka sawa kwenye godoro.

"Naitwa Castory, mama."

"Mwambie amkamate huyu jogoo," akasema mama. "Ni wake."

Jogoo wa mama hapewi mtu ovyo. Nikalia mara ya pili siku hiyo, na safari hii sikujali ninavyoonekana.

Tulifunga ndoa Septemba. Fundi Brighton alibeba ubao mpaka ukumbini, ukasimamishwa kando ya meza yetu, na mama akala keki nyuma yake akiwa na amani zake zote. Ile picha aliyoililia Castory tangu Krismasi sasa ipo, iko ukutani pale sebuleni: mimi, yeye, na katikati yetu, kwenye tundu moja la nyota, jicho la mama yangu linacheka.

Juzi amepiga simu, anataka ubao kama huo kwake kijijini ili mkwe wake akienda apate pa kulia chakula. Castory amefurahi mpaka amesahau kulala, anamchorea Brighton nyota mpya. Chai ya nanaa bado inaniangukia mguuni. Na makochi, wapendwa, makochi mpaka leo hayajarudi.